Mkeka Uliogeuzwa Ushahidi: Risala ya Wazazi wa Bweni la Wasichana kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Vaoita, Mwenyekiti mpya wa Baraza la Chuo chetu, Mheshimiwa Dakta Aperaamo, Naibu Mkuu wa Chuo, uliyeketi kulia kwake, wachungaji wetu, wazee mnaobeba majina ya koo zenu, walimu, wazazi wenzetu mliovuka na feri ya asubuhi, nanyi mliotoka hapa hapa mjini, na ninyi wasichana mliojipanga pale kwenye ngazi na maua masikioni: amani ya Mungu itangulie mbele ya maneno yetu.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumekuona umemaliza kikombe cha kakao ukaomba na cha pili, tukakonyezana, maana aliyeipika ni mmoja wetu na tangu alfajiri alikuwa akilia kwamba ameiunguza. Haikuungua. Karibu uketi, karibu upumue, karibu utusikilize.

Tuliagizwa na ofisi kwamba risala iwe ya ukurasa mmoja na iwe ya shukrani. Shukrani tunazo, tena za kweli, utazisikia. Huo ukurasa mmoja ndio uliotushinda. Wengi wetu shule tuliishia ya msingi, na mtu wa shule ya msingi akishika kalamu hajui pa kusimama. Utuvumilie. Hatukuja kumtukana mtu. Tumevaa nguo za kanisani, na mtu haendi kutukana na nguo za kanisani.

HISTORIA YA UMOJA WETU

Umoja huu haukuzaliwa ofisini, ulizaliwa kwenye feri. Mama mwenye binti katika bweni hili, akiwa anatoka kisiwa cha pili, huvuka na kikapu: majimbi, shelisheli la kuchoma, nyama ya kopo, sabuni. Unakaa kwenye benchi, na mwenzako wa pembeni ana kikapu kama chako. Mnatazamana.

“Na wewe wako anasoma pale?”

“Anasoma.”

“Anakula?”

“Anasema anakula.”

Hapo mmeshakuwa ndugu. Aliyetufanya tuwe kitu kimoja ni Fuatino wa kijiji cha Saletavai, kisiwa cha pili. Siku moja, bahari imechafuka na sote tumeshika vichwa, alisema, “Jamani, mbona tunatapika wote kwa pamoja wakati tungeweza kutapika kwa zamu? Leo abebe huyu vikapu vya wote, safari ijayo abebe yule.” Tukacheka, tukakubali, na umoja ukawa umoja.

Risala hii ilikuwa aisome yeye. Amesema sauti yake itamsaliti. Ameketi safu ya nyuma kabisa, na tunaomba msimgeukie, ataona haya. Yote tutakayoyasema juu yake ametusimulia kwa kinywa chake, na ameturuhusu tuyaseme.

Fuatino ana binti mmoja, Peata, aliyekuwa mwaka wa tatu wa uuguzi. Tumesema aliyekuwa. Tutafika hapo.

MAFANIKIO

Mafanikio yapo, tusiwe watu wa kulia tu. Binti zetu waliotangulia ni wauguzi katika visiwa vyote viwili. Mmoja alimzalisha mke wa mchungaji kwenye feri ile ile, katikati ya maji, na mtoto akapewa jina la feri. Mnacheka, lakini yule mtoto ameshaanza kutembea na anaitikia.

La pili ni hili tunalolifungua leo, tangi jipya la maji la bweni la wasichana. Tumelizunguka, tumeligonga kwa vifundo vya vidole, tumesikia limejaa. Asante Baraza, asante uongozi wa Chuo. Tunasema asante na tunarudia.

Lakini, Mgeni rasmi, tangi halioti lenyewe kama uyoga baada ya mvua. Liliombwa. Na aliyeliomba hayupo pale kwenye ngazi na wenzake.

Peata alianza kulilia maji mwaka jana. Alimpigia mama yake simu: “Mama, maji ya huku ukioga unatoka na rangi ya kakao.”

“Chemsha.”

“Nichemshe ya kuogea? Unataka nitoke nimeiva kama nyama ya kopo?”

Fuatino alicheka. Baadaye wasichana wakaanza kuumwa matumbo na kutoka vipele, naye hakucheka tena. Alimwambia, “Wewe unasomea uuguzi, huoni? Nenda ukaseme. Ila sema kwa adabu.” Peata akaenda akasema kwa adabu. Akaambiwa linashughulikiwa. Akarudi tena kwa adabu. Wenzake wakamchagua awe msemaji wao, kwa sababu, walisema, Peata hata akikasirika anaanza na samahani.

CHANGAMOTO

Hapa ndipo ukurasa mmoja ulipotushinda.

Siku moja wasichana walijaza chupa maji ya bombani, wakazipanga kwenye ngazi za jengo la utawala, rangi ile ile ya kakao, halafu wakakaa kwenye majani wakaimba nyimbo za kanisa. Hawakuvunja kitu. Dakta Aperaamo alitoka nje mwenyewe, na hili tunalisema kwa heshima, maana wakubwa wengine wangetuma mlinzi. Alichukua chupa moja, akaiinua juani, akasema, “Hii hata mimi nisingeoga.” Wasichana wakapiga makofi. Pangeishia pale, leo tungekuwa tunakula tu.

Lakini wavulana wa mabweni ya juu walikuwa wameshuka kutazama, na penye umati hapakosi mwenye mkono mwepesi. Likatoka jiwe nyuma. Likampiga Dakta juu ya jicho.

Nani alirusha? Mgeni rasmi, mpaka leo hatujui. Tunachojua ni alichokiona matroni wa bweni, aliyekuwa amesimama karibu kuliko mtu yeyote: Peata alikuwa mbele, uso wake ukiwaelekea wavulana, mikono yote miwili juu, akipiga kelele, “Acheni! Acheni jamani!” Na damu ilipoanza kumwingia Dakta jichoni, ni Peata aliyemkalisha kwenye ngazi na kumkandamiza jeraha kwa kitambaa cha kichwa chake mpaka gari likaja.

Habari ilifika Saletavai kabla ya mtu yeyote kuvuka, kwa simu, na habari ya simu hufika imenenepa. Fuatino alikuwa anamenya majimbi. Kaka yake Iakopo, msemaji wa ukoo wao, aliingia bila hata kubisha hodi.

“Watoto wa chuo wamempasua mkubwa wao,” alisema. “Peata alikuwa mbele yao.”

“Kaka, kwanza tumuulize Peata.”

“Damu imemwagika au haikumwagika?”

“Imemwagika, lakini...”

“Mtoto wetu alikuwepo au hakuwepo?”

“Alikuwepo, lakini...”

“Basi hiyo lakini yako tutaimenya baadaye. Toa mkeka.”

Mgeni rasmi, wewe ni mtoto wa visiwa hivi, hatuna la kukufundisha juu ya ifoga. Tunalisema kwa ajili ya hawa vijana, wengine wamekulia ng'ambo. Mtu akiumizwa, na wa kwenu akawa amesimama upande ule ulikotoka ubaya, hamngoji polisi, hamngoji ushahidi. Mnakwenda kabla jua halijatoka, mnakaa kwenye uwanja wa aliyeumizwa, mnafunikwa vichwa kwa mkeka mwororo wa ukoo, ule unaosukwa kwa miaka, mnainama mnangoja. Akitaka atawaacha jua liwaunguze. Zamani alikuwa na haki hata ya kuwaua. Na akiinua mkeka, basi limekwisha, halitajwi tena, si barabarani, si kanisani, si kwenye ulevi. Mkeka huo husema: jeraha lako ni letu. Hausemi nani alirusha jiwe. Anayeinama mara nyingi ni mzee ambaye hata kuku hajampiga jiwe.

Basi walivuka. Iakopo, Fuatino, mke wa Iakopo na wazee wawili. Fuatino anasema njia nzima alikuwa anajiuliza moyoni kama si bora wapite bwenini kwanza. Hakusema. Dada hamkatizi kaka aliyeshika mkeka.

Walikaa kwenye majani yenye umande, mbele ya nyumba ya Dakta, na alipotoka na bendeji yake Iakopo akasema kwa sauti ya msemaji, kama inavyopaswa: “Hatukuja kwa ajili ya mkono, kwa maana mkono hatuujui. Tumekuja kwa ajili ya jeraha.” Fuatino chini ya mkeka alikuwa anasikia harufu ya majani makavu ya mkeka wa bibi yake.

Dakta alisogea. Aliinua mkeka kwa mikono miwili. Fuatino alishindwa kusimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi, na Dakta mwenyewe akamshika kiwiko akamwinua, akamwambia, “Mama, inuka. Kwangu mimi limekwisha.” Mke wa Dakta akaleta chai na mkate wa nazi. Walilia, wakala, wakaagana. Fuatino kwenye feri aliimba mpaka kaka yake akamwambia, “Punguza, watadhani tumetoka harusini.”

Mgeni rasmi, hatujui kilichotokea kati ya ile chai na ofisi. Tunajua tu kwamba mlinzi wa pale nyumbani alikuwa amepiga picha kwa simu yake, watu watano chini ya mkeka, na picha ikatembea kama picha zinavyotembea, mpaka ikafika mezani kwa Kamati ya Nidhamu.

Peata aliitwa asubuhi, akaambiwa kikao ni asubuhi hiyo hiyo. Alimpigia mama yake, na kwa bahati Fuatino alikuwa mjini na zamu ya vikapu. Alifika mlangoni anahema.

“Mzazi haruhusiwi,” alisema karani wa mapokezi. “Mwanafunzi ni mtu mzima.”

“Mtu mzima? Mwezi uliopita si mliniita mimi nije niweke sahihi ndipo akang'olewe jino?”

“Mama, mimi nafuata utaratibu.”

“Na mimi namfuata mwanangu.”

Karani akainama kwenye makaratasi yake. Si mtu mbaya, ana watoto naye. Fuatino akakaa kwenye benchi la nje. Pembeni yake alikuwa ameketi matroni, amevaa vizuri, amejiandaa kusema aliyoyaona. Walikaa wote wawili mpaka mlango ukafunguliwa na watu wakatoka. Matroni akainuka, “Na mimi je?” Akajibiwa, “Muda umekwisha, matroni. Tumeshapata tuliyoyahitaji.”

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Lakini hawa walikuwepo, Mgeni rasmi. Walikuwepo benchini.

Yaliyosemwa ndani Peata alimweleza mama yake jioni ile, na mama ametueleza sisi. Kiti cha katikati alikaa Dakta Aperaamo, na bendeji yake usoni. Aliyeumizwa ndiye aliyeshitaki, na ndiye aliyehukumu. Wakubwa mtusamehe, methali ya nyani na ngedere mnaijua, hatutaimalizia.

Mjumbe mmoja aliweka picha mezani.

“Huyu mwenye blauzi ya bluu ni nani?”

“Ni mama yangu.”

“Anafanya nini?”

“Ameinama ifoga.”

“Yaani anaomba radhi?”

“Ndiyo.”

“Kwa kosa la nani?”

Peata akanyamaza.

“Tunakuuliza, binti. Watu wa kwenu hawakutoka kisiwa cha pili kuja kulala kwenye majani kwa kosa la mtu wasiyemjua. Kwa kosa la nani?”

Akazidi kunyamaza. Wakaandika kwamba mwanafunzi hakukanusha. Wakaandika kwamba familia imekiri. Akaonekana na hatia ya kuongoza fujo na kushiriki kumjeruhi kiongozi. Adhabu, kufukuzwa.

Fuatino alimkuta anafunga godoro lake. Hakumkumbatia kwanza, alimkemea. “Kwa nini hukusema? Mdomo wote ule, siku zote unanijibu mimi, wale umewaogopa?”

“Sikuwaogopa, Mama.”

“Ila?”

“Ningesema si mimi, ningekuwa nimesema mjomba alifunikwa mkeka bure. Mzee mzima, amelala kwenye umande kwa ajili yangu, halafu mimi niseme hakuwa na sababu? Ningemvua nguo mbele ya watu.”

Fuatino alikaa juu ya godoro. Kisha akamwambia, “Ungetuvua, mwanangu. Tungevaa nyingine.”

Hapo ndipo wote wawili walipolia.

Mgeni rasmi, sisi tuna watoto wengi, na tunajua mtoto mwenye hatia anavyonyamaza. Hutazama chini, huchokonoa kucha. Peata alinyamaza akiwatazama usoni. Alikuwa anafanya tulichomfundisha tangu anatambaa: mkubwa akiinama kwa ajili yako, usimwinue wewe. Adabu ile ile tuliyomlea nayo ndiyo iliyomfukuzisha.

Sasa yuko Saletavai. Siku alipokwenda sokoni na mama yake, muuza ndizi mmoja alipiga kelele, “Ee Fuatino, huyo ndiye wako wa mawe? Basi mlete kwangu atuangulie nazi, maana shabaha anayo!” Watu wakacheka. Fuatino naye akamjibu, “Nazi utaziangua mwenyewe, wewe shabaha yako ni mdomo,” wakacheka zaidi, na akaenda nyumbani huku amenyooka mgongo. Lakini usingizini anaweweseka. Na mchana anamsikia Peata chumbani akitaja mifupa ya mwili mmoja mmoja kwa sauti, na akimaliza anafunga bendeji kwenye mguu wa meza, anaifungua, anaifunga tena. Mama wa mtoto anayefanya hivyo hahitaji kuambiwa mtoto wake anataka nini.

Kesho Baraza linakaa. Likiithibitisha adhabu, jina lake litapelekwa kwenye vyuo vyote vya visiwani, na hakuna kitakachompokea. Masomo yake yatakuwa yameishia hapo. Ndiyo maana hatukuweza kungoja risala nyingine.

TAHADHARI

Kichwa hiki cha habari hakikuwepo kwenye mfano tuliopewa na ofisi. Tumekiongeza sisi, maana tunaandika pia kwa ajili ya wazazi waliokaa hapa, ambao watoto wao wameingia mwaka huu na wanaona haya yote ni ya Fuatino peke yake.

Wazazi wenzetu, mtoto wako akiitwa kwenye kikao, muulize yeye kwanza. Muulize alikuwa wapi, na nani alimwona. Mtafute huyo aliyemwona, mshike mkono, mwende naye. Mwambie mtoto aseme aliyoyajua hata kama yatamwaibisha baba, hata kama yatamwaibisha mchungaji. Na mkeka, tunasema kwa uchungu, mkeka uacheni kwanza umekunjwa.

Tumeyaandika hayo, tukayasoma, tukajiona tumekuwa watu wengine kabisa. Maana tazama yaliyotokea juzi katika kijiji cha jirani na Saletavai. Kijana wa pikipiki alimgonga mzee akamvunja mguu. Ukoo wa kijana ukatoa mkeka, ukaukunjua, wakajipanga kutoka. Mpwa wao mmoja anayesoma mjini akawazuia mlangoni: “Mnakwenda wapi? Hamkuona ya Peata? Mtapigwa picha, mtakuwa mmekiri.” Wakakaa. Ukoo wa mzee nao ulikuwa umeamka, umefagia uwanja, umechemsha chai, unangoja. Jua likatoka, hakuna mtu. Likapanda, hakuna mtu. Chai ikapoa. Adhuhuri vijana wao wakachukua mapanga, na kama si mchungaji kulala barabarani kifudifudi, tungekuwa tumezika.

Mgeni rasmi, tangu mababu zetu tunamaliza damu kwa mkeka. Kikao kimoja cha asubuhi moja kimetufanya tuuogope. Hatudhani Kamati ilikusudia hivyo. Lakini aliyevuta uzi mmoja wa mkeka naye hakukusudia kuufumua wote.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi, likiwemo la taa za njiani na la geti la nyuma. Tumeyafuta. Taa zitangoja.

Tunaomba Baraza kesho lisithibitishe adhabu ya Peata kabla hajasikilizwa upya. Tunaomba asikilizwe na watu ambao hakuna aliyeumizwa miongoni mwao, na apewe nafasi ya kujiandaa, na matroni aitwe ndani. Na tunaomba kiti kimoja cha mzazi. Hatutaki aseme. Akae tu pale mtoto anapoweza kumwona, ili mtoto ajue kwamba amemruhusu kusema.

Tunaomba pia ifahamike katika kanuni za Chuo kwamba mtu aliyeinama ifoga hajakiri kitu chochote isipokuwa kwamba jirani yake ameumia.

Hayo ni yako, Mgeni rasmi, na tunakuachia.

Lililobaki haliko mikononi mwako. Tunaomba ruhusa yako tuligeuzie kwa aliyeketi kulia kwako.

Mheshimiwa Naibu, Dakta Aperaamo. Jeraha lako tunaliona limepona, kovu ni dogo, Mungu ashukuriwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyefurahi ulipoumia. Tunajua una watu juu yako na watu chini yako, na kwamba mtu akivaa shati la ofisi kuna mambo ya nyumbani huyaacha kwenye msumari. Hatukuoni kuwa mtu mbaya. Mtu mbaya hainui mkeka kwa mikono miwili, wala hamshiki mama kiwiko.

Jana, tulipokuwa tunamalizia kuandika, Fuatino alituomba tuongeze neno moja tu, na ndilo hili. Hakuombi umtetee mwanawe. Hakuombi useme Peata ni mtoto mzuri. Anaomba kesho, Baraza likikaa na ile picha ikiwekwa mezani, useme maneno ya Iakopo uliyoyasikia ukiwa umesimama uwanjani kwako, kabla hujainua mkeka. Yale yale, usiongeze, usipunguze. Waliokuwa chini ya mkeka ni watano, na kesho wote watano watakuwa nje ya mlango. Ndani, aliyesikia utakuwa wewe peke yako.

Tumemaliza. Mgeni rasmi, Mungu akupe masikio ya kusikia na moyo usiochoka. Awarudishe salama walio baharini. Awalinde binti zetu waliomo bwenini na yule aliye nje ya bweni. Na Mheshimiwa Naibu, Mungu akupe usingizi mwema leo.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Bweni la Wasichana,
wa visiwa vyote viwili.